Siti za mjomba

Juzi kwenye daladala ya Kijenge mwanangu akaniuliza mbele za watu, "Mama, mbona kila siti unaipiga ngumi kwanza?" Nikamwambia nakung'uta vumbi. Uongo mtupu.

Ngumi ni ya Mjomba, fundi wangu wa siti kwenye gereji ya Unga Limited, hapa Arusha. Ililetwa Land Cruiser ya utalii iliyokatwa na kurefushwa, akaniachia siti saba za abiria nizishone peke yangu. Nikachagua sponji laini kuliko zote dukani. Ukiigusa kidole kinazama kama kwenye andazi la moto. Nikaivalisha leza ya kahawia, mshono mara mbili. Mjomba akapiga ngumi moja, akatega sikio. "Haya. Utaenda nazo Serengeti." Mimi nikadhani nazawadiwa.

Nikapandishwa kama msaidizi wa mpishi, siti ya nyuma kabisa, juu ya ekseli. Hadi Karatu nililala. Lami ikaishia Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro.

Tulipoushuka ukingo wa kreta kuelekea Naabi, geti la Serengeti, barabara ikawa imejikunja kama bati. Kila tukigonga, sponji inalala yote, na chini yake ni plaiwudi. Tako kwa ubao, tako kwa ubao. Sponji laini ina hila hiyo: ikishafika mwisho haina tena pa kubonyea, pigo zima linapanda uti wa mgongo. Mbele yangu bibi mmoja mgeni, kichwa cheupe, akavua sweta, akalikunja mara nne, akalikalia. Hakulalamika. Baadaye akatoa kwenye mfuko shuka jipya la Kimasai, bado lina karatasi ya bei, akaliongeza juu ya sweta. Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Dada, hizi siti kashona nani?"

"Sijui, kaka."

Tuliporudi nikakuta sponji mpya zimeshakatwa: inchi tatu ngumu chini, inchi moja laini juu, na ukingo wa mbele umeinuliwa kidogo mtu asiteleze. Zimeshakatwa, jamani! Kumbe alijua tangu ile ngumi, na bado akamwacha bibi wa watu akalie shuka la zawadi. Nilimsalimia shikamoo, nikachukua mkasi, basi.

Siku hizi Mjomba anashinda nje ya gereji, kwenye kigoda. Nikimpelekea mto anausukuma kando.