Karatasi ya tano katika dosie yangu

Mwaka 2018 nilihitaji dola elfu moja na mia kadhaa ili ninunue mashine ya kusaga mahindi na kuiweka kwenye kiwanja changu cha mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Nilikuwa mwanachama wa koperative moja ya akiba na mikopo kwa miaka sita, sikuwahi kuruka mwezi hata mmoja, na akiba yangu peke yake ilifikia karibu nusu ya mkopo niliouomba. Hata hivyo, karani wa mikopo alinirudishia dosie, yaani faili la maombi yangu, akisema imekosa kitu kimoja tu, nacho ni ruhusa ya mume.

Mume wangu hakuwa na kinyongo chochote. Anafanya kazi Likasi, na nilipompigia simu alinijibu, "Mama watoto, tuma hiyo karatasi kwa gari la kesho, nitie sahihi tumalize." Dada zangu walisema vilevile, na mama mkwe wangu pia. Kwa heshima zote, walinishauri vibaya. Mtu mzima anayekopa juu ya jasho lake haombi ruhusa. Na kama mume wangu angekuwa mkaidi, au angekuwa amepotelea machimboni bila habari, ningebaki na akiba yangu mkononi nisiweze kuitumia. Wanawake waliokwama namna hiyo nawafahamu, kwa sababu tunauza pamoja katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

Kijana mmoja wa parokia yetu, aliyesomea sheria, alinichapishia kurasa kumi na mbili za mikataba ya Umoja wa Mataifa. Humo nilisoma ibara ya 26 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, inayosema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na wana haki ya kulindwa bila ubaguzi wowote, ukiwemo ule wa jinsia. Nilisoma pia ibara ya 13 ya Mkataba wa kuondoa ubaguzi wa kila namna dhidi ya wanawake, wa mwaka 1979, na hapo nilisimama kabisa, kwa kuwa inataja mikopo ya benki na mikopo ya aina nyingine waziwazi, kana kwamba aliyeiandika alikuwa ameketi nami kwenye foleni ile.

Basi nilivaa kitenge changu cha sikukuu, nikaenda Jumatatu asubuhi, siku ambayo foleni hufika hadi barabarani, nikasimama mbele ya dirisha la karani na kuanza kusoma kwa sauti. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikapata nguvu. Nilisoma ibara nzima, nikairudia, mama wawili nyuma yangu wakapiga makofi, na mlinzi akasogea karibu bila kujua anifanye nini. Mwishowe meneja mwenyewe alitoka ofisini, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema kwa upole, "Mama, hayo ni mambo ya Geneva. Sisi hapa tuna masharti yetu." Nilikosa jibu. Maneno ya mkataba nilikuwa nayo, lakini sikujua yanapita njia gani hadi kumfikia yeye pale alipo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kwa siku tatu sikulala vizuri.

Kijana wa parokia alinihimiza niandike Geneva mara moja. Wakili mmoja anayesaidia watu bila malipo alinizuia, akaeleza kwamba Kamati ya Haki za Binadamu, ile ya Umoja wa Mataifa huko Geneva inayosimamia mkataba wa haki za kiraia, haipokei malalamiko ya mtu ambaye hajapitia kwanza njia zote za haki katika nchi yake, isipokuwa njia hizo zikicheleweshwa kupita kiasi. Ndiye aliyenipa jibu nililolikosa mbele ya meneja. Ibara ya 215 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 inaipa mikataba iliyoridhiwa na kutangazwa nguvu kuliko sheria za kawaida, na ule mkataba wa wanawake unaibana Serikali iondoe hata ubaguzi unaofanywa na mtu binafsi, shirika au kampuni. Akaongeza jambo lililoniuma sana: nchi yetu iliridhia mkataba huo Oktoba 1986, na Agosti 1987, hata mwaka haujaisha, ikatunga Sheria ya Familia iliyomtaka mke apate ruhusa ya mume. Ruhusa hiyo ilifutwa Julai 2016. Sheria mpya inataka wanandoa wote wawili wakubaliane. Koperative ilikuwa bado inatumia karatasi ya sheria iliyokufa.

Alinisimulia pia habari za Graciela Ato del Avellanal wa Peru, aliyekuwa na majengo mawili ya kupangisha mjini Lima, wapangaji wakawa hawalipi, na mahakama ikamwambia kwamba mume pekee ndiye anayeweza kushtaki. Mwaka 1988 Kamati ilitamka kwamba Peru ilikuwa imevunja haki zake za usawa. Usiku ule nilimfikiria sana mama yule.

Lakini lililonifungulia mlango ni dosie ya jirani yangu wa sokoni, papa mmoja, yaani baba mmoja, muuza vipuri vya baiskeli, mwenye mke, aliyekopa pale pale mwezi uliotangulia. Nilimwomba aniazime nakala yake. Yake ilikuwa na karatasi nne, yangu tano. Ile ya tano ilikuwa nusu ukurasa, imepigwa fotokopi mara nyingi hata herufi zimefifia, nayo ilibanwa kwa pini nyuma ya dosie yangu. Kwenye dosie yake hapakuwa hata na tundu la pini. Mkataba ungeweza kubishaniwa mchana kutwa, lakini karatasi hizo mbili nani angezibishia?

Niliandika barua bila tusi hata moja. Nilieleza miaka yangu sita, nikataja kwamba wanaume waliooa hawatakiwi kuleta ruhusa ya wake zao, nikauliza sababu ya tofauti hiyo ni nini, kisha nikataja ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na ile ya 215, sheria ya 2016 na ibara ya 13 ya mkataba wa wanawake. Niliomba jibu kwa maandishi katika siku kumi na tano, kabla sijaenda kwenye mahakama ya amani, ile ya ngazi ya chini. Karani hakutaka kugonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Niliketi kwenye benchi lao hadi saa tisa, naye akagonga. Msikubali kuondoka bila muhuri huo.

Siku ya kumi na moja meneja aliniita. Karatasi ya tano ilikuwa imeondolewa, na kwenye fomu ya kila mwanachama aliye katika ndoa, mwanamume au mwanamke, palikuwa na mstari mmoja mpya: sahihi ya mwenzi. Mume wangu alitia yake. Wapo wanaoniuliza nilipata nini basi, ikiwa sahihi ni ile ile. Hao nawatuma kwa yule papa wa vipuri, ambaye miezi michache baadaye alirudi kukopa na kuambiwa aje na mkewe. Mama yule alikuja, akaketi, akaomba fomu na kuisoma yote kuanzia mstari wa kwanza, na ndipo alipojua kwa mara ya kwanza kwamba mkopo uliotangulia ulikuwepo. Alikaa kimya kidogo, akauliza umebaki kiasi gani, kisha akaomba kalamu.