Mpwa wangu anauliza kuingia, hajauliza kutoka

Mpwa wangu wa Makorora, Tanga, kamaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, GPA (wastani wa alama zote) 3.8, na sasa haambiliki: anataka uzamivu, yaani PhD, wa Marekani. "Mjomba, watanichukua?" Kila siku ni hilo tu. Kwa kuwa nilisoma huko, na kwa kuwa si yeye peke yake anayenifuata kwenye kahawa, naandika hapa mara moja.

Tuanze na hiyo 3.8. Kwetu GPA ni juu ya 5, kule ni juu ya 4. Kwenye fomu moja aliijaza kavukavu bila kuonyesha kipimo, akaonekana kama kachukua A karibu masomo yote. Nikamwambia arekebishe haraka. 3.8 ya kwetu ni daraja la pili la juu, wala si ya kuionea haya, lakini A yetu ni pointi 5 na B+ ni 4, na msomaji wa fomu ataigeuza transkripti kutafuta maelezo ya alama. Akikuta namba zimepishana, atakutilia shaka hadi kwenye yale uliyoyasema kweli. Andika 3.8 juu ya 5, na usijipigie hesabu ya kuigeuza iwe ya kwao kama hawajakuomba.

Dada yangu, mama yake, haamini kwamba mtoto anaweza kuruka umahiri, yaani masters. Kwa hapa ana haki ya kushangaa: kwenye mfumo wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, umahiri ya 9, uzamivu ya 10, na njia ya kawaida ni kupita zote. Ujerumani nako kwa kawaida wanataka umahiri kwanza. Marekani idara nyingi za kompyuta zinapokea mtu mwenye shahada ya kwanza tu, lakini hiyo ngazi ya 9 hawajakusamehe, wameiweka ndani. Ndiyo maana safari nzima huchukua miaka mitano, sita, wengine zaidi. Sisi watu wa Tanga tunatambiwa kwa "waja leo waondoka leo", ila uzamivu hauko hivyo kabisa.

Na hapa ndipo ninapogombana na hawa vijana. Wote wanauliza mlango wa kuingilia. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza: nikishaingia, nitatakiwa nifanye nini ndipo niachiliwe?

Miaka ya mwanzo ni madarasa, na hawakuachi ujichimbie kwenye kile unachokipenda. Mpwa wangu anapenda kufundisha mashine kutambua picha, basi. Kule atalazimishwa kuonja na nadharia ya algoritimu (hatua anazofuata kompyuta kutatua tatizo) na mifumo ya kompyuta. Kisha unakuja mtihani wa kufuzu. Kila idara ina mtindo wake. Wangu ulikuwa wa mdomo, mimi ubaoni na chaki, maprofesa wamekaa. Swali lilianza kitoto: eleza algoritimu ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi. Nikaeleza vizuri tu. Profesa mmoja akainuka, akachora nukta tatu: kutoka A kwenda B ni 2, A kwenda C ni 5, C kwenda B ni hasi 4. "Sasa?" Dijkstra inaifunga B kwa 2 na kuihesabu imekwisha, kumbe ukipitia C unafika kwa 1. Kutaja kwamba inakosea hakukutosha. Walitaka nionyeshe ni mstari upi wa uthibitisho unaovunjika, na kwa nini Bellman-Ford, algoritimu nyingine ya njia fupi, haivunjiki. Huo ndio mtihani. Idara nyingi hukupa nafasi ya pili ukianguka, na ukishindwa tena unaondoka na shahada ya umahiri mkononi. Si aibu, ila ujue mapema kwamba mlango huo upo.

Ukivuka, unatetea andiko la utafiti mbele ya kamati, unautenda huo utafiti kwa miaka, unachapisha makala, mwisho unatetea tasnifu. Muda huohuo unafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au unafanya kazi kwenye maabara ya msimamizi, kwa kawaida hadi saa 20 kwa wiki, maana ndiyo inayokulipia ada na kukupa posho. Ujerumani wana lao jingine: hata ukishatetea, hujiiti Daktari mpaka tasnifu ichapishwe. Dada yangu yeye keshaanza kumwita mwanawe Dokta.

Ukishajua wanataka mtu wa kutoka na nini, utaelewa kwa nini kwenye maombi hawahangaiki na GPA peke yake. Wanatafuta dalili kwamba unaweza kuuliza swali lako mwenyewe ukalifuatilia. Maelezo ya mpwa wangu yalianza na "tangu utotoni nimependa kompyuta". Nikayafuta yote. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa programu ya simu ya kutambua samaki pale soko la Deep Sea, na jambo tamu alikuwa hajaliandika: mchana inatambua vizuri, jioni inachanganya changu na tasi. Kwa nini? Ni mwanga, ni picha chache, au magamba yaliyolowa? Aanze hapohapo.

Barua za mapendekezo ni tatu kwa kawaida, na nyingi ziwe za watu walioiona kazi yako. Barua ya mheshimiwa diwani haikusaidii kitu, hata kama ni ndugu yetu. Mwalimu aliyekusimamia mradi, hata awe mhadhiri msaidizi, ana la kusema kukuhusu.

Mengineyo ni ya kawaida. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, ule mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu. Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili, usikimbilie kuifanya mapema. Maombi mengi hufungwa Desemba, na mwenye ufadhili, kwa vyuo vilivyokubaliana hivyo, hupewa hadi Aprili 15 kuamua. Ada ya maombi ni ya kila chuo na ni dola. Baadhi ya vyuo hukusamehe ukiomba, ila omba kabla hujalipa, maana ukishalipa hairudi.