Texas haina kodi ya mapato, lakini ankara imenifikia

Juzi nilifungua bahasha ya kodi ya nyumba nikalazimika kuisoma mara mbili: dola 6,140 kwa mwaka, kwa nyumba ya vyumba vitatu pembeni mwa Houston. Ninyi mnaokatwa kodi ya jengo kwenye Luku, mkanung'unika kwamba uniti zimepungua, niombeeni.

Nilihamia huku mwanzoni mwa 2024 kutoka Minneapolis, jimboni Minnesota, kwa sababu ileile mnayoisikia kwenye video za mitandaoni: Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Ni kweli haitozi, ilhali Minnesota hutoza kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85. Wasichosema ni kwamba shule na zimamoto za Texas nazo hulipiwa, na mlipaji mkubwa ni mwenye nyumba. Katika ankara yangu, fungu nono kuliko yote ni la wilaya ya shule.

Hata hivyo, fedha si jambo lililonishangaza zaidi. Minnesota ni nchi ya vyama vya ushirika, iliyojaa wajukuu wa wakulima kutoka Skandinavia na Ujerumani, na watu wake huizungumzia serikali kama sisi tunavyoizungumzia Saccos: inakera, inachelewa, lakini ni yetu. Mwaka 2023 jimbo lilipoamua kuwalisha wanafunzi bure asubuhi na mchana bila kuuliza mshahara wa mzazi, jirani yangu asiye na mtoto alifurahi kuliko mimi. Jirani huyohuyo ndiye aliyenishtaki kwa halmashauri ya jiji kwa kuchelewa kuondoa theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu, na kesho yake akanisalimia kwa bashasha, kwa maana kwake hakuwa amenichongea bali ametimiza wajibu.

Mzee ninayepakana naye hapa hulitaja neno serikali kama mtu aliyetafuna pilipili. Hayuko peke yake, kwani katiba ya Texas ya 1876 iliandikwa kwa nia ya kuifunga serikali mikono, na hadi leo bunge la jimbo hukutana kwa kawaida siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Lakini chama cha wamiliki wa nyumba cha mtaa wetu kinapomwandikia barua kwamba majani yake yamerefuka, tena kwa vitisho vya faini, mzee huyo hukata majani siku hiyohiyo bila kinyongo. Hicho, anasema, si serikali. Mjumbe wetu wa nyumba kumi hakuwahi kunipimia majani.

Nimtendee haki, hata hivyo. Kimbunga Beryl kilipopiga Julai 2024 na wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme, alipitisha waya wa jenereta yake juu ya uzio, na friji yetu ikafanya kazi siku nne. Nilipomuuliza kaunti ingeleta lini barafu, alicheka hadi akakohoa. Minneapolis tungepiga simu jijini. Huku hakuna aliyesubiri, ingawa nilijiuliza hali ya mjane asiye na jirani wa namna hiyo.

Wewe unayepanga kuja, kabla ya kununua nyumba uliza kiwango cha kodi cha eneo lenyewe, na uombe mapema msamaha wa kodi unaotolewa kwa anayeishi katika nyumba yake. Mimi nilizembea, na sehemu ya dola hizo ni ujinga wangu. Kama kipato chako ni kidogo, ujue pia kwamba Minnesota ilipanua bima ya afya ya Medicaid, na Texas imekataa.

Mwezi wa tano nitapinga thamani ambayo wakadiriaji wa kodi wameipangia nyumba yangu. Mzee amejitolea kunisindikiza na picha za ukuta wenye ufa, kwa sharti kwamba nisivae suti, wasije wakapandisha bei.