Nilivyomtambua chozi mchanga mwenye koo jeusi

Picha zilikuwa safi, tatizo lilikuwa ndege mwenyewe. Chozi wa kahawia, koo jeusi, anafyonza maua ya mshubiri bustanini Morogoro, na kitabu changu hakina mfano wake: kina dume aliyekomaa na jike, basi. Kwamba ni dume mchanga anayebadili manyoya, hilo lilikuwa wazi. Lakini wa aina gani? Chalcomitra senegalensis, yule wa kifua chekundu, au ndugu yake Chalcomitra amethystina, ambaye dume lake ni jeusi lenye koo la zambarau? Wakiwa wadogo, wote hufanana na mama zao.

Koo nikaachana nalo, maana madume wachanga wa aina zote mbili huwa nalo jeusi. Nikakuza picha ya ubavuni. Kwenye pembe za mdomo bado kulikuwa na ile ngozi ya njano ya kinda. Juu ya jicho, jike na makinda wa amethystina wana mstari mweupe kama nyusi, huyu hana. Bawani, vinyoya vinavyofunika mashina ya manyoya marefu ya kurukia vilikuwa na kingo nyeupe, alama ya senegalensis.

Kilichomaliza ubishi ni picha ambayo wengi wangeifuta, amejinyoosha na kichwa kimekatwa nusu: chini ya koo vinyoya vichache vyekundu vinachomoza, kimoja kina kamstari ka buluu kanakong'aa. Unjano wa kwenye paji la uso niliupuuza. Ni chavua tu, na picha za baadaye zinaonyesha umepungua.