Kwa nini kiapo kinaliwa?

Juzi naangalia filamu ya Kihindi na mama mdogo, akatokea jamaa anamwambia mpenzi wake "kasam khata hoon", mama mdogo hajui Kihindi cha shule ila kwa filamu alizoangalia akasema hapo hapo, huyo anakula kiapo. Nikashtuka, maana khana kwa Kihindi ni kula kweli, kula chakula! Na siyo kiapo tu, rishvat khana ni kula rushwa, maar khana ni kula kichapo, yaani kama wamekaa na sisi jiko moja.

Nikadhani basi ni Waarabu waliotugawia wote, coz kasam na rishvat zimetoka Kiarabu na rushwa yetu pia. Lakini wapi, Mwarabu kiapo hakili, ana kitenzi chake cha kuapa basi. Waajemi ndo wanakula, qasam khordan, na Waturuki wanakinywa kabisa, ant içmek.

Mi naamini mwanzo kilikuwa kinaliwa kweli. Kiapo kwetu zamani kilikuwa pia ile dawa yenyewe, mtu akituhumiwa uchawi au wizi anapewa mwavi anywe, akitapika hana hatia, akifa ndo hivyo tena. Na Waajemi wana neno lingine la kiapo, sogand, asili yake ya kale inahusu salfa, mtuhumiwa alikuwa ananyweshwa maji ya salfa. Watu wa mbali na mbali, wamefika pale pale, maana kitu kikishaingia tumboni hukitoi tena, ukidanganya kinakumaliza humo humo ndani. Kamusi inaweka kula namba 1, 2, 3 kama vile ni vitu mbalimbali, mi naona ni kimoja tu.

Halafu yamini! Kiarabu yamini ni mkono wa kulia na pia ni kiapo, sisi tukaichukua hivyo hivyo na tukaongeza letu, tunasema kula yamini. Na huo mkono wa kulia wenyewe ni mkono wa kulia chakula, mi utotoni nilidhani ni wa kulia machozi mpaka bibi aliponizuia kushika tonge kwa kushoto akasema, mjukuu wangu, kwani mkono wa kulia unaitwaje?

Sasa nikiona waziri anaapishwa, kanyanyua ule mkono wa tonge, gazeti la kesho yake linaandika amekula kiapo, nasoma neno kwa neno.