Tunapeana

Juni 2014 nililipwa kumtafsiria Mholanzi mmoja aliyekuja Mbeya kuangalia kama kampuni yake ingeweza kuzalisha mbegu za viazi mviringo huku kwetu. Siku ya pili tulipanda Isyonje, baridi ya milima ya Uporoto ikipenya hadi mifupani, mimi nikiwa na koti la kuazima.

Mzee mwenyeji alitufungulia ghala. Vikubwa vilishakwenda Dar es Salaam kwa lumbesa. Vilivyobaki ni vile vidogo, mbegu ya msimu ujao. "Kikondo hii," akasema, akitaja jina la aina ile, akimwekea mgeni kimoja kiganjani.

Mgeni akauliza: nikikuuzia mfuko wa mbegu yangu, jirani yako ataipata lini?

Mzee akacheka. "Mwanangu, mwambie hapa mbegu nzuri haikai nyumba moja. Tunapeana. Shemeji akija na debe, utamnyima?"

Alikuwa anajisifu, na alistahili. Ila njiani mgeni alikuwa ameshanieleza hofu yake. Mahindi chotara yanajilinda yenyewe: ukirudia kupanda punje zake, mavuno yanashuka, unarudi dukani. Kiazi hakijilindi. Ulichokizika ndicho utakachochimba, aina ileile, mpaka magonjwa yakidhoofishe. Kilichobaki ni sheria tu. Sheria ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa mbegu tulikuwa nayo, inampa mgunduzi miaka 20 ya haki juu ya aina yake mpya, lakini Tanzania ilikuwa haijaingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na wakubwa wake kule Uholanzi waliutazama huo kwanza.

Basi nikatafsiri hivi: wanabadilishana kidogokidogo, kwa chakula cha nyumbani. Nilitaka aje. Nilishaanza kuhesabu mshahara wa mkalimani wa kudumu.

Akaandika. Kisha akamgeukia mzee, akachota viazi kwa mikono miwili, akajifanya anampa mtu wa pembeni.

"Eeh! Hivyohivyo!" mzee akaitikia, amefurahi kueleweka.

Mholanzi akanitazama, akakata mstari ule kwenye daftari. Garini hakunisema. Alisema tu kwamba wakija, wataanza na aina zao za zamani ambazo ulinzi wake umekwisha, mpya zitasubiri.

Novemba 2015 Tanzania ikaingia UPOV. Nikampigia mzee simu kumweleza, nikazunguka sana na maneno ya wagunduzi na haki zao. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu. Kwa hiyo sasa analeta ile mpya? Shemeji ananiuliza."