Ngozi Kavu, Moyo Mbichi

Mjomba alikuwa na karakana ndogo ya kusubu alumini, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, kule Kariobangi Light Industries. Julai ile tulikuwa na kazi ya pampu za maji, na kila pampu ilitaka kiini cha mchanga katikati ya kalibu, alumini ikizunguke, iache njia ya maji. Mchanga tuliushikisha kwa wanga wa muhogo uliopikwa ukawa uji mzito. Wanga ndani ya maji, ukifika nyuzi 60 au 70 hivi, huvimba ukanata; maji yakishatoka, hung'ang'ania chembe za mchanga.

Viini nilivikausha kwenye pipa la makaa. Vikawa rangi ya chai, vigumu, nikasema vimeiva. Tulipomimina, alumini ilitokota mdomoni mwa kalibu. Pampu ikatoka na matundu kama mkate.

Mjomba hakunigombeza. Alivunja kiini kilichobaki, akanishikisha pale kati. Pabichi. Maji yale ndiyo yaliyogeuka mvuke yakaitoboa alumini.

"Moto wa pipa huanza na ngozi, kijana wangu. Ukingoja moyo ukauke, ngozi imeshaungua."

Na kweli kingo zilikuwa zikipukutika, maana wanga ulioungua haushiki tena.

Jirani, fundi wa vyombo vya umeme, alikuwa na maikrowevu kuukuu. Nikamwomba. Mawimbi yake hupenya mchanga yakayachemsha maji humo humo yalimo, hayangoji joto litambae kutoka nje. Nilikitoa kiini kwenye kisanduku cha chuma nilimokifinyangia, maana chuma huyazuia mawimbi, nikakilaza juu ya kigae. Dakika mbili, nikafungua mvuke utoke usije ukakipasua, kisha mbili tena. Nilipokivunja kilikuwa rangi moja, kikavu hadi kati. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu.

Jioni ile nilitengeneza kumi, nikavipanga rafuni. Usiku kukanyesha manyunyu, yale ya baridi ya Nairobi, na asubuhi ukucha wangu ulizama ndani ya kiini. Wanga hunywa unyevu hata wa hewa. Tukavirudisha kwenye maikrowevu, tukamimina vikiwa bado na uvuguvugu.

Safari hii alumini ilitulia. Ilipoganda, mjomba aligonga pampu kwa kipande cha mti, na mchanga ukamwagika wenyewe. Joto la alumini, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660, lilikuwa limeunguza ule wanga. Akaielekeza pampu mlangoni kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akachungulia ndani ya njia ya maji.

"Lete kalibu nyingine," akasema.